Mashapo Hayajatua

Kijiwe chenyewe ni ubao wa kitanda kilichovunjika, umelazwa juu ya matofali chini ya dirisha la mbele la nyumba ya Bibi Birika. Kitanda kilivunjwa na marehemu mumewe kwa kukaa vibaya, na Bibi, ambaye hatupi kitu, akasema kama hakifai kulalia kitafaa kukalia. Hapo kila asubuhi huketi wale wale: Sindano, fundi cherehani ambaye ulimi wake unachoma kuliko kazi yake, Gia Nne, dereva wa lori mstaafu, ambaye hata hadithi fupi huiendesha kwa mwendo wa safari ndefu, na Chaji, fundi simu, ambaye simu yake mwenyewe haijawahi kukutwa na chaji. Kahawa ya Bibi huchemshwa na unga wake humo humo, haichujwi, kwa hiyo ikimiminwa hainywewi. Inangojwa. Bibi husimama na birika mkononi akivitazama vikombe kama analinda watoto waliolala, na mkono wa mtu ukinyooka kabla ya wakati husema neno moja tu: bado. Mashapo yakishatua, hutikisa kichwa, ndipo watu hunywa. Kuna pia sheria moja: anayeulizwa swali akakosa jibu, anaosha vikombe vya wote. Ndiyo maana pale hakuna mtu asiyejua kitu. Bibi mwenyewe kwa miaka kumi na moja hajaosha hata kimoja.

Alhamisi hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, hakuna aliyegusa habari za mpira. Ndani ya dirisha kulisikika meza ikivutwa, ikisogezwa, ikirudishwa pale pale. Aliyekuwa akiivuta ni mjukuu wa Bibi, mtu wa miaka thelathini na tatu, mwalimu wa chuo cha ujenzi. Anafundisha udongo na misingi ya nyumba. Tangu majengo ya chuo yafungwe kwa matengenezo, anafundishia nyumbani kwa kompyuta, Jumanne na Alhamisi, saa nne kamili, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Kijiwe kizima kimeusoma udongo muhula mzima bila kuandikishwa.

— Leo ndiyo leo, alisema Bibi, akipanga vikombe. Mkuu wa idara anaingia darasani kwake kusikiliza. Wanafunzi wakikaa kimya kama walivyozoea, somo ananyang'anywa. Watawekewa video. Mtu kajirekodi mara moja, basi, wanamtazama mpaka wazeeke.

— Wako wangapi sasa? aliuliza Gia Nne.

— Walianza arobaini na sita. Wamebaki thelathini na mmoja, na hajawahi kusikia hata mmoja wao akikohoa.

— Na yeye anasemaje?

— Anasema wakilichukua wachukue, yeye atarudi kubeba zege kwenye majengo ya watu. Anasema hivyo huku anatazama miguu yake.

Bibi alimimina kahawa. Hakupenda kuona mtu mzima akitazama miguu yake. Huyu alikuwa mtoto wa miaka sita alipowapanga kuku wake mstari mmoja ukutani na kuwafundisha kujumlisha kwa punje za mahindi, na jogoo alipoondoka kabla ya somo kwisha, mtoto alilia. Bibi alimwambia wakati ule: anayeondoka mwache, fundisha waliobaki. Sasa waliobaki walikuwa thelathini na mmoja, na kuku angalau walikuwa wakigeuza shingo.

Mkono wa Chaji ulinyooka.

— Bado, alisema Bibi.

Mkono ulirudi.

— Mimi ugonjwa naujua, alianza Sindano. Ni nguo.

— Nguo gani tena?

— Bibi, mjukuu wako juu amevaa shati na tai. Chini je? Nilipita dirishani Jumanne. Chini amevaa kaptula ya kulalia, ile ya mistari, na mshono wa kati umeachia. Nusu mwalimu, nusu mgonjwa. Wanafunzi wataheshimu nusu ipi? Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

— Wanafunzi hawaoni miguu yake, alisema Chaji. Kamera inaishia kifuani.

— Hawaioni, lakini wanaihisi. Mtu aliyevaa kaptula hata sauti yake inakuwa fupi.

— Sauti fupi, alisema Bibi. Haya. Nimekaa na watu wazima.

Gia Nne alikohoa kikohozi cha kuwasha injini.

— Nisikilizeni mimi niliyebeba watu na mizigo miaka thelathini na mbili. Barabara ikinyooka sana, abiria analala. Si kwamba ana dharau, ni barabara. Mwalimu wetu anafundisha tambarare. Udongo wa mfinyanzi, udongo wa kichanga, udongo wa mfinyanzi. Mimi mwenyewe hapa nimelala mara ngapi? Dawa ni breki. Katikati ya somo, bila taarifa, apige kelele: ng'ombe! Hapo hakuna atakayelala wiki nzima.

— Ng'ombe kwenye somo la misingi?

— Mwenda pole hajikwai, lakini pia haamshi mtu.

— Hiyo methali umeikata mkia ukaishonea mwingine, alisema Sindano.

— Wewe si ndiye fundi? Nimekuiga.

Bibi alitikisa kichwa, vikombe vikainuliwa. Watu wakanywa ile ya kwanza kwa heshima yake, macho yamefumbwa, halafu Chaji akaweka kikombe chake gotini.

— Nyote mnazunguka, alisema. Hili ni jambo la mtandao. Sauti ya mwalimu ikitoka hapa inapanda juu, kule inakuta foleni. Watu wote wa dunia wanazungumza. Inasubiri zamu. Ikifika kwa mwanafunzi, imechoka. Mwanafunzi anajibu, jibu nalo linapanda, nalo linapanga foleni. Ninavyowaambia, majibu ya Jumanne yako njiani.

— Yatafika lini?

— Kukiwa na mawingu, Jumatatu. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya mawingu ni mtandao.

— Kwa hiyo mjukuu wangu anajibiwa, ila majibu yako angani yanaota jua?

— Ndivyo ninavyosema.

— Chaji, ulisoma mpaka darasa gani?

— Bibi, tusifike huko.

— Mimi la tatu. Nauliza ili nijue nani kati yetu ana kisingizio.

Sindano alicheka mpaka kahawa ikampanda puani, na kwa kuwa hakutaka kupitwa, akajisogeza mbele kidogo ubaoni kama mtu mwenye siri.

— Na je, kama hawapo?

— Akina nani?

— Hao thelathini na mmoja. Mmewahi kuwaona? Hata yeye hajawaona. Anaona vidirisha vyeusi vyenye majina. Mimi nikiandika jina kwenye kitambaa cheusi nikakitundika dukani, tayari nina mteja?

— Ni kweli, alisema Gia Nne, macho yamemtoka. Au wako, lakini ni mtu mmoja. Mtu mmoja mwenye simu thelathini na moja. Ndiyo maana hajibu: hajui ajibu kwa jina gani! Na kama si mmoja, basi wamepanga njama. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku wakifungua midomo, tutahama mtaa.

— Mtu mmoja mwenye simu thelathini na moja, alisema Chaji kwa huzuni ya kweli, angekuwa mteja wangu.

Mlango ulifunguka. Mwalimu alisimama kizingitini na shati jeupe, tai ya buluu, na chini kaptula ya mistari. Alikuwa amewasikia. Dirisha linapitisha maneno kwenda na kurudi, jambo ambalo kijiwe hulisahau kila siku.

— Wapo, alisema taratibu. Nawaita kwa majina, wanaandika "nipo". Halafu basi.

 Bibi alimtazama mjukuu wake kuanzia tai hadi kaptula. Usingizi ulikuwa haujamgusa, ungeona. Macho yalikuwa yale ya siku ya jogoo.

— Mume wangu, alisema Bibi, maana ndivyo alivyomwita tangu mtoto na ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wake wa kiume, umekuja kunywa au umekuja kutuaga?

— Nimekuja kunywa.

— Basi kabla ya kunywa utatufundisha. Hawa wameongea tangu asubuhi, lazima wafaidishe mtu. Nyie watatu, geukeni.

— Tugeuke wapi?

— Ukutani. Mpeni mgongo. Si mmesema anafundisha vidirisha vyeusi? Kuweni vyeusi. Sindano, wewe umeshaanza.

— Bibi!

— Geuka.

Wakageuka. Migongo mitatu ikapangwa kwenye ubao: mgongo wa Sindano wenye futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mgongo wa Gia Nne mpana kama mlango wa stoo, na mgongo wa Chaji uliopinda kwa kuinamia simu za watu. Bibi mwenyewe alibaki amesimama na birika lake, kwa kuwa alisema mtu mmoja lazima awe mkuu wa idara.

Mwalimu alijikohoza. Alipoanza alikuwa anajua kazi yake, hilo Bibi alilisikia mara moja, kama unavyojua mtu anayejua kukanda kwa kuutazama mkono wake. Alieleza jinsi udongo wa mfinyanzi unavyovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na jinsi nyumba iliyojengwa juu yake inavyopanda na kushuka bila mwenye nyumba kujua, mwaka nenda mwaka rudi.

— Sasa swali, alisema. Kwa nini ufa wa ukutani hupenda kuanzia kwenye kona ya dirisha? Ni kwa sababu pale ukuta umekatwa, nguvu zote zinakusanyika konani. Je, ufa huo utazidi wakati gani? Utazidi mwisho wa kiangazi, udongo ukisinyaa. Tufanye nini kuuzuia? Tunaongeza kina cha msingi. Kuna swali? Hakuna. Tuendelee.

Aliendelea dakika saba, akauliza maswali tisa, akayajibu yote tisa. Alipomaliza alifuta uso kwa tai.

— Geukeni, alisema Bibi. Semeni.

— Mimi nimehisi ile kaptula, alisema Sindano. Kwenye neno "kiangazi", hasa.

— Ilikosekana breki, alisema Gia Nne. Na kwenye lile la ufa nilikuwa na jibu mdomoni, stoo yangu ina ufa wa hivyo, lakini nikaona gari limeshapita.

— Mtandao ulikuwa mzuri, alisema Chaji. Labda kwa sababu tuko karibu.

Mwalimu alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Bibi alilizungusha birika mkononi. Kulikuwa na jambo limempita sikioni na hakulishika mkia, na hilo lilimkera kuliko upuuzi wa hawa watatu.

Wakati huo kulikuwa na mwanamke amesimama pembeni ya ukuta, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye unga mweupe mikononi hadi viwikoni na kwenye nyusi moja. Alikuwa ameshika simu ambayo kioo chake kimepasuka kama kikombe kilichoangushwa.

— Samahanini, alisema. Namtafuta fundi simu. Nimeelekezwa hapa. Mimi naoka mikate pale nyuma ya kituo cha maji.

— Karibu dada, fundi ndiye mimi, alisema Chaji akiinuka. Kioo hicho kinabadilishwa, ila nisubiri, hapa tuna kikao.

— Kaa, mwanangu, alisema Bibi, akamsogezea kikombe. Usikiguse kwanza.

Mwoka mikate aliketi pembeni ya Gia Nne. Alimtazama Mwalimu, akatazama tai, akatazama kaptula, na kwa adabu yake akarudisha macho juu.

— Nimesikia somo, alisema. Na mimi nasoma hivyo hivyo, kwa simu, chuo kingine, mwaka wa pili. Usimamizi wa maghala. Naanza kuoka saa tisa alfajiri, darasa langu ni saa nane mchana. Naweza kuuliza kitu?

— Uliza, alisema Mwalimu.

— Ukishauliza swali, huwa unasubiri kwa muda gani?

Lilikuwa swali dogo, hata mtoto angeliuliza.   Mwalimu aliwatazama wale watatu, nao wakatazamana.

— Anasubiri... alisema Gia Nne. Anasubiri kiasi.

— Kiasi gani?

— Kiasi cha... Sindano, wewe ndiye mwenye futi.

— Futi inapima nguo, alisema Sindano, akaizungusha kidoleni.

— Nauliza kwa sababu, alisema mwoka mikate, akiinua simu yake, mimi kuandika jibu kwenye hiki kioo ni herufi moja moja. Hapa kwenye ufa herufi haziingii, inabidi nizungushe maneno. Na kabla ya kuandika lazima kwanza nifikiri, kisha niogope kidogo, kisha nisome tena nisije nikachekwa. Nikiwa tayari kutuma, mwalimu wangu ameshajijibu na yuko swali la tatu. Basi nalifuta. Nimekuwa nikifuta majibu mwaka mzima. Mengine yalikuwa sahihi.

Alisema hivyo bila kulalamika, kama anavyosema mtu mikate mingapi iliungua.

Mwalimu alikaa chini kwenye kizingiti, na kaptula yake na yote.

— Zamani nilikuwa nasubiri, alisema. Mwanzo wa muhula. Nakumbuka nilikuwa nasubiri.

— Ikawaje?

Mwalimu alitazama dirisha.  Chaji alikuwa ameshaanza kuangalia pengine, na Bibi alikuwa ameweka birika chini, jambo ambalo halifanyi akiwa amesimama.

Maana wote walikumbuka. Wiki zile za kwanza, Mwalimu aliuliza swali akanyamaza, na kijiwe kikaona kimya hicho ni kibaya. Chaji aliruka akaingiza kichwa dirishani, akapiga kelele: "Umekatika! Mwalimu, mtandao umekatika!" Jumanne iliyofuata hivyo hivyo. Alhamisi Gia Nne naye alimsaidia kupiga kelele. Na Bibi, Bibi mwenyewe, alikuwa akigonga fremu ya dirisha kwa kijiko cha kahawa kila mjukuu wake aliponyamaza, tang, tang, tang, akidhani anamwokoa. Darasa zima lilisikia. Wanafunzi wanne waliandika kicheko. Tangu siku hiyo Mwalimu hakunyamaza tena. Alijaza kila pengo kwa maneno, kama mtu anayeziba matundu ya panya, na kijiwe kikaridhika kwamba mtandao sasa ni imara.

— Kumbe foleni ilikuwa hapa, alisema Chaji kwa sauti ndogo.

— Nyamaza, Chaji, alisema Bibi.

— Nanyamaza.

— Unyamaze vizuri. Utahitaji.

Bibi aliinama, akashika birika, akamimina kikombe kimoja. Hakumpa mjukuu wake pole, kwa kuwa pole haikufundishi kazi. Alimwekea kikombe mkononi, cheusi, kinatoa moshi, unga wa kahawa ukizunguka juu kama siafu waliomwagiwa maji.

— Mume wangu, hiki ni nini?

— Kahawa, Bibi.

— Kinanyweka?

— Bado.

— Nani alikufundisha hiyo bado?

— Wewe.

— Ulikuwa na miaka minne ukajua kungoja kikombe. Umekwenda chuo ukasahau. Sikiliza. Utaingia na birika dogo na vikombe. Ukiuliza swali, mimina. Kisha kaa kimya utazame. Mashapo yakitua, ndipo ufungue mdomo. Kabla ya hapo hata nyumba ikiungua, ngoja.

— Bibi, mkuu wa idara atakuwa anaona. Kimya chote hicho!

— Mwambie mapema. Waambie wote: nitauliza, na nitanyamaza, sijakatika, nawangoja nyinyi. Andika hata nusu jibu, andika vibaya, mimi niko hapa nangoja. Watu huogopa kimya wasichojua mwenyewe ni nani. Ukiwaambia ni chako, watakaa ndani yake.

Mwoka mikate aliitikia kwa kichwa.

— Mimi ningeambiwa hivyo, alisema, nisingefuta.

— Na vaa suruali, alisema Sindano.

Saa nne kasoro dakika mbili, suruali ilivaliwa. Kijiwe kilikaa chini ya dirisha kimya kama kilichoshtakiwa. Gia Nne alizima redio yake ya mkononi. Mwoka mikate alikuwa aende zake, Chaji alimwambia simu itachukua saa nzima, akaanza kuifungua pale pale, naye akabaki, kikombe chake gotini.

Walisikia majina yakiitwa. Walisikia sauti ngeni ya mtu mzima ikisema, "Endelea tu, Mwalimu, mimi nipo kama msikilizaji," na wote wakajua ni mkuu wa idara, na Sindano akakunja uso kana kwamba anaonekana. Halafu Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake yale maneno.  Alipofika kwenye "sijakatika, nawangoja nyinyi", Bibi alitazama barabara.

— Kwa nini, aliuliza Mwalimu ndani, ufa wa ukutani hupenda kuanzia kwenye kona ya dirisha?

Kahawa ikasikika ikimiminwa. Kisha hakuna kitu.

Kimya kilikuja kikakaa nao kwenye ubao. Gari lilipita likatokomea. Chaji alifungua mdomo. Mazoea hayana huruma. Sindano akamziba kwa kiganja chenye harufu ya chaki ya kukatia nguo. Gia Nne, ambaye jibu alilijua, ambaye stoo yake ilikuwa na ufa wa hivyo kabisa, alishika ubao kwa mikono miwili kama usukani kwenye mteremko. Mwoka mikate alikuwa anasogeza kidole gumba hewani, polepole, herufi moja moja. Alikuwa anaandika.

Bibi alitazama kikombe kilichokuwa mbele yake, alichokimimina wakati ule ule. Unga ulikuwa bado juu. Alijua mkuu wa idara anatazama saa. Alijua mjukuu wake sasa hivi anatazama miguu yake au anatazama kikombe, moja kati ya hayo mawili, na hakuwa na njia ya kujua lipi. Kijiko kilikuwa mkononi mwake. Fremu ya dirisha ilikuwa kwenye urefu wa mkono. Hakuwahi kuona kijiko kizito namna ile. Alikiweka chini ya paja akakikalia.

Unga ulianza kushuka, kidogo kidogo, pembeni kwanza.

Ndani, kompyuta ikalia: ti.

Mwoka mikate alisimamisha kidole hewani. Mwalimu naye hakusema kitu. Bado, alisema Bibi kwa midomo bila sauti. Bado.

Ti. Kisha ti, ti. Kisha zikawa nyingi, kama matone ya kwanza kwenye bati.

— Nasoma, alisema Mwalimu ndani, na sauti haikuwa ya mtu mwenye kaptula wala mwenye tai, ilikuwa ya mtoto mwenye punje za mahindi mkononi. Mmoja wenu ameandika: "Kwa sababu dirisha ni kovu la ukuta." Vizuri sana hii. Mwingine: "Nadhani uzito unakosa pa kupita." Ndiyo. Na huyu hapa... huyu ameandika: "Nyumba yetu ina ufa huo. Niko chini yake sasa hivi. Mama ameuziba kwa kalenda." Hebu tueleze. Ufa unaanzia wapi? Usiwe na haraka. Nangoja.

Na akamimina tena.

Sindano aliondoa kiganja kwenye mdomo wa Chaji. Gia Nne alifuta macho akasingizia vumbi la barabarani, ingawa hakukuwa na upepo. Kutoka dirishani, kwa mara ya kwanza muhula mzima, ilisikika sauti ya msichana, nyembamba, inakatikakatika, ikisema ufa unaanzia kona ya kushoto, juu, na kwamba mwisho wa kiangazi kidole chake kinaingia.

Bibi alitazama kikombe chake. Mashapo yalikuwa yametua, kahawa imepoa, na hakuna aliyekuwa amekunywa. Birika lilikuwa tupu. Kahawa iliyobaki yote ilikuwa ndani, inasubirisha watu.

Chaji alifunga skrubu ya mwisho, akampa mwoka mikate simu yake, kioo kipya, kinang'aa. Alikigusa kwa kidole chenye unga, kikaacha alama nyeupe.

— Asanteni, alinong'ona akiinuka. Nina darasa saa nane. Lakini niulize tu. Mwalimu wangu mimi, nani atammiminia kahawa?

Gia Nne aliangalia Sindano. Sindano aliangalia futi yake. Chaji aliangalia angani, kule kwenye foleni. Wote watatu kisha wakamwangalia Bibi, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu ubao ule uwekwe juu ya matofali.

Bibi alifikiri. Alifikiri sana, na wao wakamngoja.

Hatimaye aliinuka, akachukua kijiko alichokuwa amekikalia, akakusanya vikombe vya wote kimoja kimoja, kama sheria inavyotaka, akaenda navyo kwenye beseni. Wale watatu wakamfuata. Mwoka mikate naye alikunja mikono yake ya unga akachuchumaa pamoja nao. Waliviosha taratibu, bila kugonganisha, maana ndani darasa lilikuwa linaendelea.